Mkorosho Unaumwa Nini? Soma Dalili Kabla ya Kufungua Mfuko wa Salfa

Juni ikiingia na mikorosho ya Kusini mwa Tanzania ikaanza kuchanua, simu za mabwana shamba hazinyamazi. Mmoja maua yake yamegeuka meupe, mwingine machipukizi yameungua kama yamepitiwa na moto, wa tatu kila asubuhi anakuta korosho changa zimejaa chini. Wote watatu, hata kabla hawajamaliza kueleza, jibu wanalo tayari: salfa.

Salfa ni dawa ya ukungu. Inazuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, na inauzuia vizuri. Mdudu anayefyonza chipukizi haimshughulishi. Nayasema haya kwa uchungu, maana msimu mmoja nilipiga raundi tatu za salfa kwenye mikorosho ya marehemu baba huku nikimtukana moyoni muuza pembejeo kwamba kaniuzia chokaa. Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, ambaye hajawahi kukanyaga semina yoyote ya kilimo. Aliniamsha alfajiri, akainamisha tawi, akaniambia, "Acha kutazama maua, mwanangu. Tazama chini ya jani." Wadudu walikuwa wamejaa. Salfa yangu ilikuwa safi kabisa, ila niliipeleka kwa mgonjwa wa jirani.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili, na kila dalili inaanza na sababu iliyo ya kawaida zaidi. Ingia shambani kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kabla jua halijawaficha wadudu. Beba kisu na simu. Kamera ukiikuza inatosha kuwa lenzi. Tazama miti ya pembeni na ya katikati, na kila unapokuta doa jiulize: sehemu hii ni changa au imekomaa? Swali hilo peke yake huondoa nusu ya ubishi, kwa sababu ubwiriunga na mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, wote wanataka kitu kichanga. Jani gumu la kijani kizito likiwa na tatizo, tafuta mchawi mwingine.

Maua na majani machanga yana unga mweupe

Pitisha kidole. Ukitoka unga mwepesi na chini yake ua limeanza kuwa kahawia, huo ni ubwiriunga, na ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Ukikuta kitu kama pamba iliyojikusanya kwenye maungio ya matawi, kinanata, na sisimizi wanapanda na kushuka, hao ni vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Na kama weupe uko juu ya majani makuu, upande unaotazama barabara tu, hilo ni vumbi la malori. Usicheke, nimeshaitwa kutazama "ubwiriunga" wa namna hiyo zaidi ya mara moja.

Ubwiriunga ulionekana Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1979, wakati zao lenyewe lilikuwa tayari limeanza kuyumba. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna takriban tani 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Si ukungu peke yake uliofanya hivyo. Watu walihamishiwa vijijini wakaacha mikorosho yao mbali, na bei haikumvutia mtu kupalilia. Lakini pori lile la miti iliyotelekezwa ndilo lililoufuga ukungu, na jambo hilo halijabadilika hadi leo.

Hatua ya kwanza haina gharama, nayo ndiyo inayorukwa. Mwezi Mei, kabla ya maua, kata maotea yote yanayochipua kwenye shina na ndani ya mwavuli wa mti. Machipukizi hayo ya kivulini ndiyo ukungu unakojificha kati ya msimu na msimu. Usiyakate ukayaacha yamening'inia; yatoe nje.

Halafu tazama juu. Matawi ya mti mmoja yakiwa yameingiliana na ya mti wa pili, unyevu wa usiku hautoki, na umande ukikaa ukungu unakaa. Nafasi inayopendekezwa ni mita 12 kwa 12. Wazee wetu walipanda karibu karibu, na kupunguza miti kunauma, hasa mti ukiwa umepandwa na mtu aliyekwishatangulia. Lakini miti michache inayopata jua huzaa kuliko msitu.

Dawa inafuata baada ya hapo. Salfa ya unga ni gramu 250 kwa mti mkubwa kwa raundi, kila baada ya siku 14, hadi raundi tano, ukianza pale vikonyo vya maua vinapochomoza na dalili za mwanzo zinapoonekana. Pulizia alfajiri, umande ukiwepo na upepo ukiwa umelala, ili unga ushike. Dawa za maji kama zenye triadimenoli au heksakonazoli huingia ndani ya mmea na hurudiwa kila baada ya siku 21 hivi. Kipimo chake soma kwenye lebo ya chupa uliyonunua, usifuate cha jirani, kwa kuwa nguvu za dawa hutofautiana. Ua lililokwisha kuwa kahawia halirudi. Unakinga yaliyobaki, na anayesubiri mti wote uwe mweupe ndipo atafute mashine anapuliza majivu.

Tahadhari ya salfa. Inawasha macho na kifua, na vumbi lake linashika moto. Vaa miwani na barakoa, usivute sigara karibu, usimpe mtoto wala mwenye pumu kazi hiyo. Macho yakiuma, suuza kwa maji mengi yanayotiririka. Kifua kikibana, acha kazi nenda zahanati siku ileile. Jambo jingine la polepole: salfa inayoanguka chini mwaka baada ya mwaka huutia udongo tindikali. Ukiwa umeitumia miaka mingi mfululizo, omba udongo upimwe.

Machipukizi yameungua, yamekauka kuanzia nchani

Hapa ndipo fedha za wakulima zinapopotelea, basi tukae kidogo.

Sababu ya kwanza ni mbu wa mikorosho. Si mbu huyu wa malaria. Ni mdudu mwembamba, urefu chini ya sentimita moja, mwenye papasi za kichwani ndefu kupita mwili wake, na mgongoni ana kitu kama pini iliyosimama. Ukiiona pini hiyo, kesi imekwisha. Watoto wake ni wa rangi ya machungwa kuelekea wekundu, hawana mabawa, na hukimbilia chini ya jani ukisogea. Anafyonza chipukizi la kijani, na mate yake ndiyo sumu: panatokea kidonda kirefu kinachogeuka cheusi, mara nyingi na tone la utomvu. Kwenye jani changa madoa yake yana pembe na hufuata mishipa. Chipukizi likifa, mti hujaribu kutoa mengine chini yake, nayo yanafyonzwa, mpaka tawi linabaki limejikusanya kama ufagio.

Sababu ya pili ni chule, ugonjwa wa ukungu unaopenda siku zenye mvua na mawingu. Huanza na madoa yenye majimaji, ya kahawia kuelekea wekundu, kisha kikonyo kizima kinakauka. Mara nyingi hauji peke yake. Unapitia mlangoni alipotoboa mbu. Kwa hiyo ukikuta vyote viwili, anza na mdudu.

Ya tatu ni ubwiriunga uliokwisha pita, ukaacha maua makavu bila unga. Namna ya kutofautisha: ubwiriunga hukausha maua ukaacha kijiti cha chipukizi kizima, mbu anaua kijiti chenyewe.

Kabla ya kununua sumu, tafuta majimoto. Wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi ya mti wakafanya kiota, ambao kila mtoto wa Pwani na Kusini amewahi kuumwa nao, ndio askari bora wa mkorosho. Wanamwinda mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi, mdudu anayetoboa korosho, mchana kutwa, bila mshahara. Zunguka utaona mwenyewe: mti wenye viota vingi vya majimoto na ulio jirani bila viota, machipukizi yao hayafanani. Watu huwachukia kwa sababu wanauma, lakini korosho huokotwa chini ikishaanguka, hatupandi juu kuchuma. Kupogoa ndiko kwenye shida, na hapo unavumilia.

Ukiwa nao upande mmoja wa shamba, unaweza kuwaeneza. Kata kiota usiku au alfajiri kukiwa na baridi, kifunge kwenye mti usio nao, na ufunge kamba kutoka mti hadi mti ili wapate njia. Chukua viota kutoka kundi moja. Makundi mawili yakikutana ni vita. Angalia pia chini ya shina kama pana sisimizi wadogo wa kahawia wanaokaa ardhini; hao huwafukuza majimoto, na ukiwaacha kazi yako ni bure.

Kama mti hauna majimoto na mbu ni wengi, hapo ndipo viuadudu vinapoingia, kama vile vyenye lambda-sihalothrini. Pulizia miti iliyoshambuliwa tu, jioni au alfajiri nyuki wakiwa hawajatoka, kwa sababu maua ya mkorosho yanategemea wadudu kuchavushwa. Na ujue unachouza: sumu ileile inawaua majimoto. Ukishaanza kupuliza shamba zima kila mwaka umewafukuza walinzi, na utaendelea kununua walinzi wa chupa. Mipera na pamba ndani ya shamba la mikorosho pia ni hifadhi ya mbu. Mpera uache nyumbani.

Madoa kwenye majani

Madoa ya kahawia yenye ukingo mweusi zaidi kwenye majani machanga, jani likajikunja na kukunjamana, hasa wakati wa mvua: shuku blaiti. Ugonjwa huu hushika pia korosho changa ukaziachia madoa meusi yaliyobonyea. Ondoa matawi yaliyoathirika, fungua mwavuli upate hewa, na dawa ya ukungu mwachie bwana shamba akuchagulie, kwa kuwa si kila dawa ya ubwiriunga inaiweza.

Majani yaliyopauka yakawa na rangi ya fedha kisha kahawia, na chini yake vinukta vyeusi vya kinyesi: vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani. Na majani makuu yanayogeuka ya njano na kuanguka baada ya mvua kwisha, mti ukiwa vinginevyo mzima, yanabadilishwa tu. Mwache mti avue nguo zake.

Korosho changa zinapukutika, au zina madoa

Kuanguka kwingine si ugonjwa. Maua mengi ya mkorosho ni ya kiume, hayazai kamwe, na hata katika korosho zilizofunga, nyingi huanguka mti ukipunguza mzigo wake. Okota zilizoanguka, uzitazame mkononi. Zikiwa safi na ndogo kama punje ya harage, tulia.

Zikiwa zimepasuka ngozi, zina makovu kama upele, na mabibo nayo yamechanika, ni ubwiriunga uliozipata zikiwa changa. Rudi kwenye sehemu ya unga mweupe.

Zikiwa na vishimo vyeusi vilivyodidimia, pasua moja. Kama doa limeishia kwenye ganda, fikiria mbu wa mikorosho au blaiti. Kama limefika ndani kwenye kokwa, pakawa na alama nyeusi kama ndui, huyo ni kunguni wa minazi, mdudu wa kahawia mwenye mdomo mrefu anayehama kati ya mnazi na mkorosho. Huyu anauma mfukoni kuliko anavyoonekana: korosho inaweza kuwa nzuri kwa nje, ikafika ghalani, na ikipasuliwa kwenye sampuli mzigo wako wote unashushwa daraja la pili. Dawa yake ya kwanza ni ileile, majimoto.

Shina linatoa utomvu na uchafu mweusi

Utomvu mtupu, msafi, penye jeraha la panga au tawi lililovunjika, si kitu. Utomvu uliochanganyika na unga wa kahawia au mweusi kama tumbaku iliyotafunwa ni kinyesi cha fukusi wa shina. Mzazi wake ni mdudu mnene wa kijivu iliyoiva, mwenye pua ndefu na mgongo wa vinundu, urefu kama sentimita mbili. Mtoto wake ni funza mweupe asiye na miguu anayekula chini ya gome.

Chongoa gome kwa kisu ukifuata njia yake mpaka umkute, umtoe na umuue. Mwishoni mwa njia huwa pana chumba alimojifungia buu, usikiache. Rudi baada ya mwezi, kwa sababu mayai hayaanguliwi yote siku moja. Hakuna upuliziaji wa juu unaomfikia huyu, na anayekuuzia anakuibia.

Njia za funza zikiwa zimezunguka zaidi ya nusu ya shina, mti huo hautapona. Ukate, ubandue gome lote, uue kila funza unayemwona, kisha uchome. Wengi hukata wakaacha gogo limelala shambani kungoja mteja wa kuni, na miezi michache baadaye wadudu wazima wanatoka humo kwenda kwenye miti mingine.

Tawi au mti mzima unanyauka

Fuata mpangilio huu, usiuruke. Tazama shina kwa ajili ya fukusi. Tazama gome la chini kama liliungua moto wa kiangazi ulipopita. Mti ulioungua upande mmoja hufa upande mmoja. Tazama kama maji yalituama kwenye mizizi wakati wa masika. Mchwa nao utawakuta, lakini kwenye mti mkubwa mara nyingi mchwa anakuja msibani, hakuua yeye. Kwenye mche wa mwaka mmoja ndiyo anaua.

Kama yote hayo hayapo, kata tawi linalonyauka lakini halijakauka, utazame mti wa ndani. Ukiwa mweupe kote, kuna sababu nyingine mizizini. Ukiwa na michirizi ya kahawia inayoshuka ndani, shuku mnyauko fuzari.

Hapa simama. Ugonjwa huu uligunduliwa Tanzania mwaka 2012 katika kijiji cha Magawa, wilayani Mkuranga. Unatoka kwenye udongo, unaingia kwa mizizi, unaziba mishipa ya maji. Majani yanakuwa ya njano, kisha kahawia, na mti mkubwa unaozaa unaweza kukauka wote. Hakuna dawa ya kupuliza inayoutibu. Usiuchimbue mti, usiburute matawi kupita katikati ya shamba, usihamishe udongo wala kuotesha miche mahali hapo. Jembe na panga vilivyogusa mti huo vioshe udongo wote, uvisafishe kwa dawa ya madoa yenye klorini kabla ya kugusa mti mwingine. Mwite afisa ugani wa kata, naye atawasiliana na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara. Kwa ndugu zetu wa Kilifi na Kwale, Kenya, pa kuulizia ni kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa.

Ukiombwa sampuli, peleka kipande cha tawi chenye sehemu hai na sehemu inayokufa pamoja. Tawi kavu kabisa halimwambii mtaalamu chochote. Lifunge kwenye gazeti, si mfuko wa nailoni, maana linaoza njiani. Andika kijiji, tarehe, umri wa mti, na dawa zote ulizopiga msimu huo, hata zile unazoona aibu kuzitaja.

Umepiga dawa sahihi, hali ni ileile

Kwanza hesabu siku: raundi iliyopaswa kupigwa siku ya 14 ulipiga ya ngapi? Mashine ya kukodi ikichelewa wiki moja, maua mapya yamechanua bila kinga. Pili, je, dawa ilifika kileleni? Simama chini ya mti utazame juu. Ikiwa ni mashine dhaifu, utakuta sketi ya mti ni safi na kichwa ni cheupe. Tatu, kulinyesha baada ya kupuliza? Nne, mfuko ulikuwa umefungwa kiwandani na una lebo na tarehe, au ulipimiwa kwenye kilo? Dawa bandia zipo, lakini iweke ya nne, siyo ya kwanza kama nilivyofanya mimi.

Ya tano iko nje ya mpaka wako. Shamba la jirani likiwa limetelekezwa, maotea yamejaa na hakuna anayepuliza, upepo wa alfajiri unakuletea ukungu upya kila siku. Nenda kwa mwenye shamba au kwa mjomba aliyeachiwa kulitazama, mwezi Mei, na panga mkononi, mkakate maotea pamoja.